Nani Aliozesha Kaktasi Yangu

Keti kidogo, wewe uliyeozesha kaktasi ukaambiwa huna mkono wa mimea. Nikueleze polepole. Wiki iliyopita niliinua chungu cha kaktasi ya jirani yangu nikanusa udongo wake: maziwa yaliyochacha. Hasira ya miaka ishirini ikanipanda.

Nilikuwa na miaka tisa. Kwetu ni milimani, juu ya mji mdogo wa Roret, ambako mvua hunyesha karibu kila alasiri na nguo hukauka kwa maombi. Baba alifanya kazi katika shamba la maua Naivasha, akija nyumbani mara moja kwa mwezi. Safari moja alileta kaktasi ndogo ya duara, kama yai la bata lililoota miiba.

"Hii ni ya mahali pakavu," aliniambia. "Maji kijiko kimoja kila nikija, basi. Ikiwa hai shule zikifungwa, tutaenda wote Naivasha, ukae nami hadi Krismasi."

Sikuwahi kukaa na Baba hata wiki nzima. Nikaiweka dirishani, ndani, mbali na mvua. Kijiko chake nilikificha chini ya godoro asije mtu akakitumia. Wenzangu walinicheka: "Mmea wa kunyimwa maji? Ulifanya kosa gani?"

Mwezi wa Novemba kaktasi ikaanza kulegea. Chini ikawa ya kahawia, laini kama parachichi lililopitiliza, ikitoa ule mnuko mchachu. Baba alipokuja aliibonyeza, kidole kikazama.

"Umekuwa ukiimwagia maji kila siku."

"Hapana, Baba. Kijiko kimoja tu."

"Chelangat, mmea kufa si neno. Uongo ndio siutaki."

Kogo, nyanya yangu mzaa baba, aliyehamia kwetu baada ya Babu kufariki, alikuwa mlangoni akichambua mboga. Hakuinua kichwa. Shule zilipofungwa Baba alirudi Naivasha peke yake. Mimi nikabaki kwenye shamba la majani chai na Mama, nikichuma kwa hasira hadi akaniambia mimea haijanikosea.

Ukweli niliujua mwaka uliofuata. Kwetu maziwa hayamwagwi ovyo, ni baraka. Hata maji ya kusuuza sufuria ya chai ya maziwa hutafutiwa wa kuyanywa, ndama au mbwa. Asubuhi moja nilimkuta Kogo akiyamimina kwenye waridi la Mama.

"Kogo, na kaktasi yangu ulikuwa unaipa?"

"Ningeiachaje? Haikuwa na jani hata moja. Nilidhani ni njaa."

"Na Baba aliponiita mwongo?"

"Watoto husahau," akasema, akaipiga sufuria tako tone la mwisho lidondoke.

Sikusahau. Nilipomweleza Baba, alicheka akasema hayo ya zamani tuyaache. Aliyeitwa mwongo hakuwa yeye.

Nimekuwa mtu mzima, na mengine nimeyaelewa. Kaktasi hubeba maji yake mwilini. Ukiizidishia, mizizi hukosa hewa ikaoza. Kogo hakulijua hilo, na kwa maziwa simlaumu. Aliupa mmea ule kilicho bora kwake. Nimeelewa pia kwamba mjane anayelishwa na mwanawe hujihesabu mgeni, na mgeni huogopa kuharibu kitu. Hofu hiyo naielewa kabisa. Lakini siku ile palikuwa na heshima yake na jina langu, naye akaokoa heshima yake. Nilikuwa na miaka tisa. Alinizidi kwa kila kitu, nguvu ya kuvumilia kusemwa vibaya ikiwemo.

Kwa hiyo wewe, fanya hivi. Kabla ya kumwagilia, chomeka kijiti kikavu hadi chini ya chungu. Kikitoka kimeshikwa na udongo, subiri. Na ukiozesha mmea wa mtoto, sema siku hiyo hiyo, mbele ya yule atakayemlaumu.