Kipande cha Saba cha Kile Kitabu

Mwaka 2009 nilinunua riwaya kwenye meza ya vitabu vya mitumba pale Mwanza. Nilikuwa nimeshaisoma mwaka 1995, kwenye kambi ya wakimbizi wa Rwanda ya Benaco, wilayani Ngara.

Jalada lile lile. Mwanamke mwenye kanga nyekundu amesimama mbele ya mto.

Nikaisoma kwenye basi nikirudi Ngara. Nilipofika kurasa za mwisho nikasimama wima, abiria wote wakanigeukia.

Mwisho haukuwa ule.

Nitawasimulia, ila nianze kwa kusema nina hasira. Nimeingia kwenye hili kundi la wasomaji la mtandaoni mwezi uliopita. Kila nikifungua nakuta "kitabu kibovu", "mwandishi hajielewi", "nimepoteza muda wangu". Mtu kasoma sura tatu, anatoa hukumu! Mnaniudhi kweli, na mnaniudhi kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo.

Naitwa Fideli, mzaliwa wa Mugoma. Mwaka ule wa 1995 nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, karani wa shirika lililokuwa likitafuta ndugu wa watoto waliopotea.

Mtoto anapigwa picha, mimi naandika kadi: umri, alama za mwilini, jina analoitikia. Tunabandika kwenye ubao mkubwa karibu na soko la kambi. Akina mama wanapita wanatazama. Mwingine anapiga yowe la furaha, mwingine anaondoka kimya na kesho anarudi tena.

Sasa, vitabu vilikuwa adimu kuliko chumvi. Kwa hiyo tulivichana.

Ndiyo, tulivichana, msinitolee macho. Kitabu kimoja tunakigawa vipande saba, kila kipande tunakishona kwa uzi wa gunia na kukivika gamba la boksi la biskuti. Ukimaliza cha kwanza unampa mwenzako, unachukua cha pili. Watu saba wanasoma kitabu kimoja kwa wakati mmoja.

Nyuma ya kila kipande tulishonea karatasi ya maoni. Unaandika ulichokiona, unaweka jina lako. Jumapili baada ya misa tunakutana kwa Mama Ildefonsa, muuza chai, tunabishana mpaka sufuria inakauka.

Mwenzetu mmoja alikuwa Clarisse. Mkimbizi, alikuwa mwalimu huko Kibungo, Rwanda. Baba yake alifanya kazi Bukoba miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili chake kilituacha mbali sisi wenyeji. Mwandiko wake ulinyooka, ungedhani umechapwa.

Ukurasa ukilowa mvua au ukimwagikiwa chai, yeye ndiye aliyeunakili upya. Tulishazoea kukuta kurasa za mkono katikati ya kitabu.

Clarisse alisema watoto wake wawili walifariki walipokuwa wakikimbia vita. Hakuwahi kusogelea ule ubao. Akitoka sokoni alizunguka nyuma kabisa, kwenye matope, ilimradi asipite pale.

Siku moja nikamuuliza, "Mwalimu, mbona hupiti hata kutazama?"

"Nikitazama nitamwona nani, Fideli?"

Nikarudi kwenye kadi zangu.

Ile riwaya ikafika. Ilitushika wote. Kipande cha sita kinaishia kwenye mafuriko: mama yuko ukingoni, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kamshika mkono, na daraja limesombwa.

Nilisubiri kipande cha saba siku kumi na moja! Clarisse alikuwa nacho. Kila nikimfuata ananiambia, "Kimeingia maji, nakinakili. Vumilia kidogo."

Kikaja. Kurasa tisa, zote mwandiko wake.

Mama yuko kwenye daraja. Watu wamejaa, wanasukumana, magodoro vichwani. Mtoto wa mkononi ana miaka mitatu, na kiganja chake cha kushoto kina kovu la kuungua na uji. Mama analihisi lile kovu ndani ya kiganja chake.

Halafu anauachia ule mkono.

Hakuna aliyemsukuma. Anauachia tu, kwa sababu amechoka na yule wa mgongoni analia. Wa mgongoni naye anafariki wiki ile ile. Mama anawaambia watu kwamba wote wawili walikufa. Kitabu kinaisha akijiuliza kama mtu kama yeye anaruhusiwa kwenda kumuulizia mtoto aliyemwacha.

Niliwaka! Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye karatasi ya maoni:

"Mwandishi alikuwa amelewa. Kipande cha sita daraja limesombwa, kipande cha saba daraja limetoka wapi? Na hilo kovu la uji ni la kuliza watu tu. Mama anayeachia mkono wa mwanawe hana haki ya kumuulizia. Akae kimya. Fideli."

Jumapili nikayasoma kwa sauti. Gozbert, mwalimu kutoka Murukulazo, akapiga meza. "Hapo umempatia, karani!"

Watu wakacheka. Nami nikavimba kichwa.

Clarisse akauliza taratibu, "Kwa hiyo asiende?"

"Aende wapi? Huyo mtoto akimwona si atamtemea mate!"

Akaweka kikombe chini. "Nimeelewa," akasema.

Baada ya hapo hakuja tena kwenye mabishano yetu. Desemba 1996 wakimbizi wakarudishwa kwao, naye akaondoka na wenzake. Sikumuaga.

Sasa turudi kwenye basi, 2009. Kitabu halisi kinaishaje? Mtumbwi unakuja. Wote watatu wanaokolewa. Ukurasa wa mwisho kuna harusi.

Hakuna daraja. Hakuna kovu. Hakuna mkono ulioachiwa.

Niliposhuka Ngara sikwenda nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Ildefonsa. Amezeeka, lakini bado anauza chai.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikampa kitabu. "Kile kipande cha saba aliandika nani?"

Akanitazama kama anayemtazama mjinga. "Kumbe mpaka leo hujui? Kile cha kuchapwa Clarisse alikitia jikoni kwangu kule kambini, nikaona kinaungua. Akasema, 'Mama, nataka nijue watu watasema nini juu ya huyu mwanamke. Wakimhurumia, Jumatatu nakwenda kwenye ubao.'"



"Mbona hukuniambia?" Nilimfokea, mtu mzima wa umri wa mama yangu.

"Nikuambie wewe? Wewe ulikuwa unajua kila kitu, Fideli. Nilimwambia aende tu, asikusikilize. Akasema mwenye ubao ameshajibu."

Mwenye ubao ni mimi.

Na hapo ndipo nilipoikumbuka kadi. Msichana, miaka mitatu au minne, kovu la moto kiganja cha kushoto, anaitikia Keza. Niliiandika kwa mkono wangu huu miezi miwili kabla ya kusoma zile kurasa! Picha ilikaa ubaoni mpaka ikapauka, kisha mtoto akapelekwa ng'ambo pamoja na wengine waliokosa wa kuwadai. Nilisoma kovu lile lile mara mbili na sikushtuka. Nilikuwa nashughulika kumtukana mwandishi.

Mama Ildefonsa akaingia ndani, akatoka na karatasi yenye matundu ya uzi wa gunia. Karatasi ya maoni. Aliachiwa na Clarisse siku ya kuondoka.

Maneno yangu yalikuwepo, na jina langu. Chini yake, kwa ule mwandiko ulionyooka:

"Asante kwa maoni. Daraja lilikuwepo."

Nilimtafuta bila mafanikio. Najilaumu mpaka leo, na nyinyi mnaotupa maneno humu kama maganda ya ndizi siwezi kuwanyamazia. Semeni kitabu hamkukipenda, ni haki yenu. Ila msiandike mtu fulani akae kimya, maana hamjui nani anasoma akisubiri ruhusa yenu.

Kama kuna anayemfahamu Clarisse, mwalimu wa Kibungo aliyekuwa Benaco, mwambieni kwamba Fideli hakuwa na haki ya kujibu. Na mwambieni kwamba Keza hakufia darajani. Alikuwa ubaoni, hatua mia mbili kutoka pale tulipokuwa tunakunywa chai.