Jina la Butoyi nililolifuta kwenye memori kadi

Wakuu, poleni na majukumu. Hiki kimenitokea mimi mwenyewe, sijakopi popote. Asiyeamini asinitukane, asome tu mpaka mwisho.

Nina chumba cha gemu hapa Muyinga mjini. Nimekulia kambi ya wakimbizi Tanzania, na gemu ndiyo ujuzi niliorudi nao.

Nilianza na kile kidude cha mkononi cha kupanga matofali, betri zikichoka tunazianika juani. Zikaja za kaseti, ukiipuliza inakubali. Kisha za CD, na sasa hizi mpya ambazo kila kitu kiko mtandaoni.

Shikeni tofauti moja hapo. Hizi mpya, ukiuza mashine unaondoka na jina lako. Zile za CD, jina na mechi zako vinakaa kwenye memori kadi, na kadi inauzwa pamoja na mashine.

Basi nikanunua mashine moja used ya CD kule Gitega kwa Mama Neema, Mkongomani wa Kivu Kusini anayeuza vyombo vya umeme.

Kuiwasha, kwenye gemu ya mpira nikakuta wachezaji wawili wamesajiliwa: BUKURU na BUTOYI. Kwa wageni wa humu, hayo kwetu tunaozungumza Kirundi ni majina ya mapacha. Bukuru hutangulia kuzaliwa, Butoyi hufuata. Walikuwa wamechezeana mechi mia na kitu, na wako sare kwa ushindi.

Kadi ilikuwa imejaa. Mama yangu alishanifundisha kwamba mapacha humgusi mmoja ukamwacha mwingine, ukimpa huyu unampa na yule. Mimi mjuaji nikafuta BUTOYI, nikaacha BUKURU wateja walitumie.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne nawasha, jina limerudi. Nikasema kadi mbovu.

Jumatano nikafuta tena. Kesho yake limerudi, ila sasa limeandikwa BUTOY.

Ijumaa nikafuta kwa hasira. Jumamosi likarudi BUTO.

Wakuu, ilikuwa mchana kweupe, wateja wanapiga kelele nyuma yangu. Niliogopa kufuta na niliogopa kuacha.

Nikampigia Mama Neema.

"Iyo mashini ilitoka mu kijiji ya Buraza," akasema. "Mama ya mapacha njo aliniletea. Mumoja alishakufa. Pardon, sikukuambia."

Nikajua nimemsumbua marehemu, Butoyi anadai jina lake. Jumapili nikapanda gari hadi Gitega, nikachukua pikipiki hadi Buraza, mashine mgongoni, nikaombe radhi.

Nikaulizia nyumba ya mama wa mapacha, naye kwanza akanionesha kaburi. Msalabani pameandikwa Bukuru.

Butoyi alikuwa ndani, amelala kwenye mkeka. Binti wa miaka kama ishirini hivi.

Mama yake akanieleza kwa Kirundi. Jumatatu alianguka shambani. Jumatano akaanguka akichota maji. Ijumaa akaanguka tena, na tangu hapo ukimwita haitiki. Kwenye kituo cha afya hawakuona ugonjwa.

Wiki nzima nilikuwa namfuta aliye hai.

Sikumwambia mama habari ya kufuta jina, nakiri, niliogopa. Nikaunganisha mashine kwenye TV yao ndogo, nikarudisha herufi zilizopungua, Y na I. Halafu nikamwita jina lake, lote.

Akaitika.

Akajikokota akakaa, akanyoosha mkono apewe pedi ya pili ya kuchezea. Nikashika ile ya kwanza ili nimchezeshe.

"We, weka chini," akaniambia taratibu. "Hiyo iko na mwenyewe."

Nikaiweka mkekani, nikasogea nyuma. Mechi ikaanza, na timu ya Bukuru haikusimama. Ilikimbia, ikapiga pasi, ikafunga. Butoyi alifungwa mbili kwa moja, akacheka, akaomba uji. Mama yake alilia huku anaukoroga.

Kwa hiyo marehemu sasa anaongoza kwa moja. Mashine niliiacha hukohuko, na Butoyi nasikia amerudi shambani.

Nilichojifunza: ukinunua mashine ya mtu ukakuta jina ndani, uliza kwanza ni la nani, na kama ni majina mawili usichague.

Mafundi wa humu, najua mtasema kadi mbovu. Sawa, nakubali. Ila mkimaliza na kadi, nielezeni na ile pedi iliyokuwa mkekani.