Siku Tuliyomlilia Nyanjura Mara Mbili

Mwanangu, iko siku moja ya kuanua matanga ambayo nikiikumbuka nakasirika upya, ingawa wengi waliokuwepo wameshazikwa na mimi mwenyewe nimebakiwa na meno machache ya kutafunia ugali. Ilikuwa kijijini kwao Nyanjura, kule kwenye rasi ya ziwa, nje ya Musoma mjini. Watu walikuwa wamejaa uani, wamekula, wameshiba, na kila aliyesimama kuzungumza alisema maneno yaleyale. Marehemu amepumzika na mateso. Marehemu huko aliko sasa anatembea kwa miguu yake miwili. Wengine wanaitikia amina, na mimi nimekaa chini karibu na mafiga, nasaga meno.

Nani aliwaambia kwamba Nyanjura alitaka kutembea? Miaka yote niliyomfahamu sikumsikia akiomba miguu. Aliomba ngazi ziondolewe. Aliomba mlango wa ofisi upanuliwe. Aliomba zamu yake. Hayo ni mambo ya hapa duniani, anayafanya fundi mwenye nyundo na msumeno, lakini watu waliona nafuu kumwachia Mungu kazi yote.

Ngoja nikwambie alikuwa nani, maana ninyi mnaijua picha yake tu. Nyanjura alikuwa fundi cherehani pale Kamunyonge, Musoma mjini. Polio ilimchukua miguu akiwa mdogo, kama ilivyonichukua mimi. Cherehani chake kilikuwa cha kuzungusha kwa mkono, na baiskeli yake ya magurudumu matatu nayo ilikuwa ya kuzungusha kwa mikono, kwa hiyo alikuwa na mabega ambayo wavuvi wengi wangeyatamani. Alikuwa mkubwa kwangu, nikimwita dada, na ndiye aliyenifundisha kushona. Mimi sikuwa na baiskeli. Nilitambaa, magotini nimefunga vipande vya tairi, mikononi nimevaa kandambili. Masika ikifika nilikuwa naingia kazini na tope mpaka kifuani, na watu wananisalimia kwa ile sauti ya kumsalimia mtoto mgonjwa. Niliichukia sauti ile kuliko tope.

Hiyo ilikuwa miaka ya shida, ambayo ninyi mkisimuliwa mnacheka. Sukari hakuna, sabuni hakuna, ukiona watu wamejipanga unajipanga kwanza ndipo unauliza kinauzwa nini. Kwenye duka la ushirika mtu akichoka kusimama aliweka jiwe. Ndiyo, jiwe. Analiweka kwenye foleni, anakwenda zake kuchota maji au kupika, akirudi anakuta majirani wamelisogeza mbele kwa uaminifu kabisa. Hakuna aliyethubutu kuliruka jiwe la mtu.

Lakini sisi tukifika, tunaonyeshwa pembeni. Kaeni hapo kivulini, mtapewa mwishoni. Na mwishoni maana yake sukari imekwisha, halafu msimamizi wa duka anatoka na kikombe cha sukari iliyozolewa sakafuni, anangoja tumshukuru. Siku moja Nyanjura alichoka. Akaiendesha baiskeli yake mpaka katikati ya foleni, kati ya jiwe na jiwe, akavuta breki.

"Dada, utaumia hapo, sogea pembeni," kijana wa duka akamwambia.

"Hili jiwe la nani?"

"La mke wa mwalimu. Ameenda sokoni, anarudiga."

"Jiwe la mke wa mwalimu lina zamu. Mimi nina nini?"

Watu wakacheka, wengine wakanuna. Mimi niliogopa ugomvi, nikamvuta gauni nikamnong'oneza kwamba tukubali tu tupate hicho kikombe. Aligeuka akanikaripia mbele ya foleni nzima. "Wewe umekuja kuomba au umekuja kununua? Kama umekuja kununua, kaa nyuma yangu. Ukisukumwa, piga kelele."

Nilikaa nyuma yake. Tulisukumwa kweli, na kelele nilipiga mpaka sauti ikakauka. Jioni tulirudi Kamunyonge na sukari iliyopimwa kwenye mizani kama ya watu wote. Chai ile ilikuwa tamu, mwanangu, na usiniambie ni kwa sababu ya njaa.

Baada ya hapo wenzetu wakaanza kuja. Walitoka Bunda, walitoka Butiama, alikuja mzee mmoja kipofu kutoka Buhemba machimboni. Tukawa na chama kisicho na ofisi wala mhuri, kinakutana kwenye kibaraza cha fundi cherehani. Yeye naye alikuwa haachi kusafiri. Baiskeli inapandishwa kwenye keria ya basi, na kila safari utingo anataka ilipiwe kama mzigo. "Hii ni miguu yangu," anamwambia. "Yako umeikatia tiketi?" Abiria wanaangua kicheko, utingo anajikuna kichwa, basi linaondoka. Safari inayofuata ni utingo mwingine, na ubishi unaanza mwanzo. Nilikuwa namuuliza kama hachoki. Alisema anachoka sana, lakini kukaa nyumbani kunamchosha zaidi.

Zikaja siku za ruksa, biashara ikafunguliwa. Maduka yakajaa kila kitu, mitumba ikaingia kwa marobota, na kazi yetu ya kushona ikadorora, maana nani atashona gauni wakati lililoshonwa Ulaya linauzwa kwa bei ya kitambaa? Matajiri wapya wakajenga maduka mazuri yenye ngazi za kung'aa. Nyanjura alikuwa anasimamisha baiskeli chini ya ngazi zile akiita wenye maduka watoke nje wamhudumie. "Zamani mlango ulikuwa chini na sukari hakuna," alisema. "Sasa sukari ipo na mlango wameupandisha juu. Hawa watu wananitafuta."

Wakati anaugua kifua, ugonjwa uliomwondoa, kichwani mwake kulikuwa na jambo moja. Kulikuwa na msichana huko Butiama, anaitwa Wankuru, hatembei, na wazazi wake walikuwa wakimfungia chumbani kila wageni wakija. Nyanjura alikwenda kwao, akafukuzwa, akarudi tena, akakaribishwa uji. Hatimaye baba yule alikubali kwamba binti akaandikishwe shule, ila Nyanjura mwenyewe arudi wafuatane mpaka kwa mwalimu mkuu. Ndipo akaanguka kitandani. Akaniita mimi na kaka yake, Mafuru. Akasema, "Nikifa, baiskeli apewe huyu. Aende Butiama haraka, kabla yule baba hajaghairi." Mafuru alikuwa analia, akatikisa kichwa kukubali. Mimi nikajua limekwisha.

Halikwisha. Siku ile ya kuanua matanga, baada ya hotuba zote za kupumzika na kutembea mbinguni, Mafuru akasimama. Usimwone mtu mbaya. Alikuwa mchuuzi wa sangara, mtu wa mkono mkunjufu, na alimpenda dada yake kuliko alivyowapenda wadogo zake wengine wote. Alikuwa amenunua saruji. Akatangaza kwamba ile baiskeli itajengewa juu ya kaburi, magurudumu yazame kwenye saruji isiibiwe, ili kila anayepita ajue ni nani amelala pale. Watu wakapiga makofi. Mchungaji akasema hiyo ni heshima kubwa, hajawahi kuona heshima kama hiyo.

Nikapaza sauti. Lakini mtu aliyeketi chini, katikati ya watu waliosimama, nani anamsikia? Nikatafuta wenzangu wanisaidie kupiga kelele. Hawakuwepo. Walikuwa nje ya ua tangu asubuhi. Lango la Mafuru lilikuwa jembamba na uani kumejaa, kwa hiyo watu wa mapokezi, kwa upole mwingi, waliwaambia wenye magongo na wanaotambaa na yule mzee kipofu wakae nje kivulini, wasije wakakanyagwa, chakula wataletewa. Mimi niliingia kwa sababu nililala hapo tangu mazishi. Hebu fikiria. Wanamwombolezea Nyanjura, na watu wake Nyanjura wamewekwa pembeni.

Basi nikashuka kutoka kwenye mkeka, nikatambaa kati ya miguu ya watu mpaka nyuma ya nyumba penye kaburi. Vijana walikuwa wanakoroga saruji. Baiskeli imesimamishwa tayari, imefungwa kitambaa cheupe na maua ya karatasi. Nikashika usukani, nikajivuta, nikapanda nikakaa.

Mafuru akaja mbio. "Toka humo. Hiyo ni ya dada yangu."

"Dada yako alisema nipewe. Ulikuwepo, ukatikisa kichwa."

"Nilikuwa nalia! Mtu akiwa analia unamshikiliaga maneno?"

"Basi mwaga saruji yako. Nijengee na mimi humuhumu."

Watu wote walikuwa wameshafika, wametuzunguka. Mchungaji akaanzisha wimbo, hakuna aliyemwitikia. Mafuru akashika usukani. Akasema kwa sauti ndogo, "Nikikupa hiyo, mimi nabaki na nini cha kumwonea?"

Nilimhurumia, sikufichi. Lakini hasira nayo ilikuwa imenijaa, na hasira ndiyo iliyojibu. "Unataka kumwona dada yako? Watu wake wako nje ya lango lako tangu asubuhi, wanakula kama wapita njia. Nenda ukawaone."

Nilidhani atanipiga. Kumbe alizunguka nyuma ya baiskeli, akaanza kuisukuma nikiwa nimekaa, kwa nguvu nusura nianguke, huku anafoka njia nzima kwamba mimi ni mkaidi, kwamba dada yake aliniharibu, kwamba ninyi watu hamridhikagi. Tukafika langoni, baiskeli ikakwama. Siku ya kuiingiza, wanaume walikuwa wameinyanyua juu kwa juu wakaipitisha juu ya ua. Akaivuta nyuma, akaisukuma tena, ikakwama tena. Ndipo akainua macho akawaona waliokuwa nje, wamekaa juu ya mawe, sahani za pilau mapajani. Wao nao wakamtazama.

Mafuru akaita panga.

Ua ule ulikuwa wa minyaa mikubwa, labda ilipandwa na baba yake. Akaikata upande huu, akaikata na upande ule, anakata kama anagombana nayo, utomvu unamrukia usoni na machoni, anajifuta kwa kiwiko na kuendelea. Nguzo ya lango ikang'oka. Kabla sijatoka mimi, wakaanza kuingia wao. Aliingia mzee wa Buhemba, mkono begani kwa mwenzake mwenye magongo. Waliingia wa Bunda wanatambaa. Hawakuuliza njia, walifuata watu mpaka kaburini, maana tangu Nyanjura azikwe hawakuwa wameliona. Wakalia. Walilia kilio kile ambacho hatukuwa tumekisikia siku zote za msiba, kilio cha watu walioachwa, na hakuna hata mmoja wao aliyesema amepumzika.

Matanga tuliyokuwa tumeyaanua yakaanza upya. Wanawake waliokwisha kuosha masufuria wakayarudisha jikoni. Mafuru alikaa chini katikati ya wageni wake, macho mekundu, na sijui ilikuwa minyaa au majonzi. Alimuuliza kila mmoja anaitwa nani na dada yake alimfanyia nini, na kila mmoja akamweleza kwa kirefu. Mara anacheka, mara anajifuta. Saruji ikaganda kwenye karai, wala hakuna aliyeikumbuka.

Wiki iliyofuata baiskeli ilipandishwa kwenye keria ya basi, nikabishana na utingo, nikafika Butiama. Baba yule alikuwa ameshaanza kughairi, lakini nilikunywa uji wake mpaka akaona aibu. Tulifuatana mpaka shuleni, Wankuru mgongoni mwa baba yake. Naye ndiye Mwalimu Wankuru aliyekufundisha wewe hesabu, kwa hiyo usinitazame kwa mshangao.

Sasa nisikilize vizuri. Juzi mmeniletea kadi ya mwaliko, nzuri, ina picha ya Nyanjura, ina maneno ya shujaa na taa na mwanga. Kumbukumbu itafanyika ukumbini, ghorofani, na ukaniambia nisijali, Bibi, vijana watanibeba. Mwanangu, mimi sitaki kubebwa! Mtu mzima anabebwa ngazini kama gunia la dagaa ili akasikilize hotuba za kumsifu mwanamke aliyezichukia ngazi? Akina nani wanapanga mambo haya, na kwenye kikao chenu hakuwepo hata mmoja wa kuwashtua?

Nasaha yangu ni hii. Ukifiwa na mtu aliyekuwa anapigania jambo, usianze na sifa. Kwanza uliza alikuwa anagombana na nani siku alipougua, uende ukauendeleze ugomvi huo. Kitu alichokitumia kufanyia kazi, mpe mtu wa kufanyia kazi. Na kabla hujafungua mkutano wa kumlilia, toka nje uangalie ni nani ameambiwa akae kivulini. Usiwafariji watu kwa kuwaambia kwamba huko mbinguni anatembea, wakati hapa chini hamjampa nafasi ya kupita.

Mungu akutunze, mwanangu. Akupe umri mrefu, akupe na marafiki wakaidi wasiokuacha ulale. Akupe hasira yenye kazi, na moyo usioona haya kulia. Haya, chukua kadi zenu, uende ukawaambie wenzako watafute mahali pengine. Mimi nitakuja kwa baiskeli.