Siku Kijiji Kilipopatana

Agosti 1965 tulimzika baba, na hakuna jirani aliyekuja kulia. Kaka yangu, aliyekuwa kibarua katika mgodi wa Geita, alichimba kaburi peke yake, kuta zimenyooka kama za shimo la dhahabu. Mama na mimi tulizoa udongo kwa karai.

Kabla ya hapo ng'ombe wa kijiji walikuwa wamekufa kwa ugonjwa, wa kwetu wakapona. Baba akaitwa mchawi, ikaamuliwa asisalimiwe, asipewe maji wala moto. Tangu hapo naikumbuka nyumba yetu kama iliyozama ziwani. Watu walipita kuelekea gulioni Mhunze, midomo ikicheza, sauti hazitufikii. Hata mbwa wao niliwaona wakibweka kimya.

Nilitaka kitu kimoja tu: mtu mmoja aje amlilie baba.

Baada ya mavuno ya pamba alikuja padre kijana aliyesoma ng'ambo. Alikuwa anaandika kitabu juu ya moyo wa binadamu, kwa nini watu wanaosali pamoja humgeukia mmoja wao. Alikaa uani kwetu, akamwita jirani, mama ambaye zamani alichukua moto jikoni kwetu kila jioni. Yule mama aligoma kuingia. Alisimama nje ya ua wa minyaa.

"Siku mlipomtenga huyu mzee, mlijisikiaje?"

"Nikudanganye, Padre, au nikwambie?"

"Niambie."

"Tulifurahi. Mume wangu na kaka yake walikuwa hawasemezani. Siku ile walikunywa pombe katika kibuyu kimoja. Nami nikalala usingizi mzito."

Padre aliacha kuandika. "Yesu alipohukumiwa," alisema, "watawala wawili waliokuwa maadui walipatana siku hiyohiyo."

"Kwa hiyo sisi ndio wale?"

"Ningekuwepo, mama, huenda nami ningekunywa."

Yule mama akaenda zake bila kuaga. Padre naye akapanda baiskeli, akapotelea kwenye weupe wa barabara.

Jioni, vumbi la ng'ombe wetu likiwa bado limening'inia hewani, yule jirani alitokea mlangoni na kigae mkononi.

"Mwadila," alisema. Ndiyo salamu yetu ya jioni, na sikuwa nimeisikia kwake tangu baba atengwe. "Naomba moto."

Nikamwekea makaa. Hakuondoka. Alikaa chini, akajifunika khanga kichwani, akamlilia baba kwa sauti, kama watu wanavyolia siku ya msiba. Makaa yakazimika kigaeni.

Nikamwekea mengine.