Jumbe alikataza kuiba nyimbo zangu, nikakamatwa mimi mwenyewe

Vijana mtakaosoma karatasi hii hapa barazani kwa mwenye duka, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa. Acheni kusukumana. Na ninyi wakuu wenzangu mnaosomewa na wajukuu, habari za siku.

Mimi ni Agata, mwenye ngoma ya akina mama wa Ifakara. Herufi nilifundishwa na masista nikiwa bibi tayari, kwa hiyo mkiona neno limepinda, linyoosheni wenyewe.

Ninayoandika yalitokea. Walioyaona wapo, na wengine wamesimama hapo hapo pembeni yenu wakijifanya hawajui.

Nimesikia vijana wa ngoma mpya mnataka kwenda kwa jumbe aweke amri kali, mtu asiibe nyimbo zenu, eti ndipo mtaalikwa sana na kupata mali.

Kaeni kwanza. Njia hiyo nilishaipita.

Vita vya Maji Maji vilipokwisha na njaa yake ikapita, ngoma zilikuwa zimenyamaza bonde zima. Jumbe aliogopa kelele, Wajerumani wa boma wasije wakadhani tunaitana tena vitani. Ukitaka hata kuoza mtoto kwa ngoma, unaomba ruhusa.

Shamba langu la mpunga lilikuwa limeliwa na viboko. Nyumbani nina mabinti wawili wajane, na watoto wao wana midomo kama makinda.

Tulikula kwa nyimbo. Mwenye harusi anatuita, tunaimba, tunarudi na vikapu vya mpunga. Tusipoitwa, ni mboga za majani na maji ya moto.

Wimbo uliotulisha niliutunga mimi. Ni wa mke wa mpiga kasia anayemlalamikia mumewe:

"Watu wote umewavusha, mimi umeniacha ng'ambo."

Na watu wote wanaitikia, "Mvushe, mvushe!"

Watoto tuliwaambia ni wimbo wa mtumbwi. Watu wazima walicheka mpaka wakashikana mabega, na kucheka kulikuwa kumeadimika siku zile.

Sasa akatokea Yustina wa Katindiuka. Najua utasoma hapa, Yustina, tulia.

Akauchukua wimbo wangu, akaenda kuuimba harusini Sanje akisema ni wake. Alibadilisha neno moja tu, tena akalibadilisha vibaya.

Nilifunga khanga kiunoni nikaenda kwa jumbe. Jumbe wetu alipenda kutoa amri kama wengine wanavyopenda nyama. Hata hakuniacha nimalize. Akasema kuanzia leo ni marufuku kuiba nyimbo za Agata, na atakayekamatwa atatoa kuku, apewe Agata.

Nikarudi nyumbani natembea kama bibi harusi. Nikaanza hata kutazama pa kujenga banda la kuku.

Kosa lilikuwa kwa mpiga mbiu. Mnamkumbuka mzee Lipili? Tumbaku haikumtoka mdomoni. Akisema "kuiba" inatoka "kuimba", na akisema "kuimba" inatoka "kuiba". Sisi wa mtaani kwake tulishazoea.

Huyo ndiye aliyetumwa bonde zima na mbiu, akatangaza kwamba ni marufuku kuimba nyimbo za Agata.

Msimu ule hakuna aliyetuita. Nikadhani watu wana kazi za mashamba. Watoto wakaanza kuuliza vikapu viko wapi.

Mwishowe mtu mmoja wa Mbingu, anayeoza binti yake, akajikaza akatuita. Tukaenda mbio mbio, karibu tumtangulie bibi harusi.

Nikaanza wimbo. "Watu wote umewavusha, mimi umeniacha ng'ambo."

Kimya.

Nikadhani hawajasikia. Nikarudia kwa nguvu. Watu wamefumba midomo kama walioshika maji. Bibi mmoja mabega yanamruka kwa kujizuia, machozi yanamtoka, lakini mdomo hakufungua.

Mama wa bibi harusi akanisogelea akaniambia polepole, "Mama, utusamehe. Kuku tuliobaki nao ni wa kitoweo cha wageni."

Vijana, ngoma ya kwetu ina mwimbishaji na waitikiaji. Bila wa kuitikia, wewe ni mwendawazimu tu aliyesimama katikati ya uwanja wa watu. Nililijua hilo siku ile nikiwa nimesimama katikati ya uwanja wa watu.

Kabla sijaketi, akanijia tarishi wa jumbe, kijana aliyejaa kazi yake. Akanishika mkono.

"Bibi, imekatazwa kuimba nyimbo za Agata."

"Agata ni mimi."

"Basi wewe ndiye unayejua zaidi kwamba ni kosa."

Uwanja mzima walicheka kwa pua, maana midomo bado waliiogopa. Ikabidi binti yangu akope kuku wa kosa hapo hapo Mbingu, tukaondoka: tarishi mbele, mimi nyuma, na binti yangu na kuku wetu.

Tulipofika mtoni tukapanda mtumbwi. Mpiga kasia akaingiza kasia majini, na kwa mazoea tu, huyo: "Watu wote umewavusha..."

Tarishi, amekaa mbele, macho kwenye maji, akaitikia.

"Mvushe, mvushe!"

Nikamwuliza, "Na kuku wako wewe yuko wapi?"

Mpiga kasia alicheka mpaka mtumbwi ukazunguka wenyewe. Tarishi hakuniangalia tena hadi Ifakara, ila kuku alimbeba yeye.

Uani kwa jumbe tukawakuta wake zake wanatwanga mpunga. Wanatwanga kwa wimbo gani? Msiniulize. Mchi ukipanda, mvushe, mchi ukishuka, mvushe. Na jumbe mwenyewe kwenye kigoda, mguu unacheza.

Tarishi akatoa habari yake. Jumbe akasema vizuri, kuku apewe mwenye wimbo.

Tarishi akageuka akanipa kuku.

Jumbe akamtazama kuku, akanitazama mimi, akawasikiliza wake zake. Akaelewa. Akafunika uso kwa kofia yake, tumbo likawa linaruka lenyewe.

Aliponyamaza akaniuliza nataka nini. Nikamwambia afute amri. Akauliza, na Yustina je? Nikamwambia, "Yustina niachie mimi."

Sikwenda kumpiga, wakuu. Niliongeza maneno mwishoni mwa wimbo: "Ni Agata wa Ifakara aliyeachwa ng'ambo." Nikayakaza humo ndani. Yustina alijaribu kuyatoa, wimbo ukachechemea, watu wakamzomea, akayarudisha. Tangu hapo anauimba kila harusi akinitaja jina.

Na kila anakouimba, watu wanataka kumwona huyo Agata. Tuliitwa Sanje, tuliitwa Mbingu tena, tukaitwa hadi upande wa Mahenge. Mpunga ulikosa pa kuwekwa, tukamwaga hata kwenye mtumbwi mbovu wa marehemu mume wangu.

Kwa hiyo, vijana, amri kali iliniletea kuku mmoja, naye wa kukopa. Wezi ndio walionilisha. Mwizi kumkasirikia ni haki yako, nami bado namkasirikia Yustina asubuhi na jioni. Lakini usiwafunge watu mdomo, maana mdomo huo ndio unaokuitikia. Tia jina lako ndani ya wimbo, uuache uende.

Anayebisha aandike. Karatasi yangu nimeitundika kwa uzi mrefu makusudi, fungeni zenu chini yake. Matusi yaandikwe kwa herufi kubwa, macho yangu hayaoni vizuri.

Jioni ile ile amri ilipofutwa, mzee Lipili alitumwa tena na mbiu yake. Tukamsikia anakuja toka mbali, tumbaku mdomoni, anatangaza kwa sauti kubwa kwamba jumbe ametoa ruhusa, kuanzia leo kila mtu yuko huru kuiba.

Nikasimama mlangoni nikawaambia watu wa nyumba yangu: "Fungieni kuku ndani. Kisha tokeni nje, na yeyote atakayepita anaimba, mwitikieni."