Deolinda Agoma Kurudia Masomo

Barua ya chuo kikuu cha jimbo ilifika Jumanne moja ya mwezi wa Aprili, na Deolinda Borba aliisoma akiwa ndani ya mabuti ya mpira, samadi imemfika magotini. Nilikuwepo. Mimi ndiye ninayeendesha lori la maziwa pale shambani kwa Mjomba Belarmino, na Deolinda ni binti yake, binamu yangu. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaitia mfukoni mwa aproni, akaendelea kuwavalisha ng'ombe mashine za kukamulia.

"Wamekukubali au wamekukataa?" nikamuuliza.

"Mimi wamenikubali. Masomo yangu ndiyo wameyakataa."

Alikuwa na miaka thelathini na tisa. Miaka sita alikuwa akisoma katika chuo cha jamii pale mjini kwetu, kile cha miaka miwili anachoingia yeyote anayetaka. Huku kwetu, Kalifornia ya ndani isiyo na bahari wala sinema, wengi huanzia hapo, kisha huhamia chuo kikuu kumalizia shahada. Deolinda alikwenda darasani akitoka zamu ya alfajiri, somo moja au mawili kila muhula. Siku moja msichana aliyekaa karibu naye alihamisha kiti huku ameziba pua. Deolinda akamwambia, "Dada, hiyo ndiyo harufu ya maziwa unayomimina kwenye kahawa yako." Darasa zima likacheka, na msichana akarudisha kiti.

Kilichompeleka shule ni ng'ombe kumi na mmoja waliokufa wiki moja. Yeye ndiye aliyegundua kwamba majani makavu yaliyoletwa yalikuwa na kasoro. Alipokuja mtaalamu wa lishe ya mifugo, Deolinda alieleza, na mtaalamu akamjibu babake. Akauliza tena, mtaalamu akamjibu babake tena. Mwisho yule bwana alisema neno lile lile alilosema Deolinda tangu asubuhi, akapewa mkono wa shukrani. Wiki iliyofuata Deolinda alijiandikisha chuo.

Sasa barua ilisema kwamba katika masomo ishirini aliyofaulu, manne "hayalingani na ya chuo chetu": kemia zote mbili, takwimu, na lile la kuzungumza mbele ya watu. Ayarudie. Kwa jinsi masomo yanavyofuatana, huo ni mwaka mzima.

Mshauri wa chuo cha jamii, mtu mpole, alimwambia wengi hukubali tu yaishe. "Mwaka mmoja si kitu, Deolinda."

"Kwako si kitu. Mimi nimeshausoma mwaka huo. Siusomi tena."

Nyumbani Mjomba Belarmino alikuwa na lake. "Si nilikwambia? Ng'ombe hawaulizi cheti."

"Hawaulizi, Baba. Wanakufa tu."

Mzee akaendelea kunywa supu yake.

Deolinda aliamua kukusanya ushahidi, akaanza na Bwana Cutshaw, aliyemfundisha kemia kabla ya kustaafu. Anaishi kwenye nyumba ya bati kando ya mfereji, na paka watatu. Alipoisoma barua, masikio yake yaligeuka mekundu.

"Hailingani? Kemia yangu? Nani kaandika hivi?"

"Haina jina, Mwalimu."

"Waoga!" Akaingia gereji, akatoka na maboksi. Mzee yule alikuwa ametunza kila silabasi, kila mtihani, kila zoezi la maabara. Jumapili yote walikaa sakafuni wakipanga karatasi, na paka wakizilalia. Mwalimu wa takwimu alitoa za kwake bila maswali. Yule wa kuzungumza mbele ya watu hakupatikana, alikuwa amehamia jimbo jingine.

Siku ya kwenda chuo kikuu ilikuwa Ijumaa. Nilifika kumchukua nikakuta Mjomba Belarmino kasimama mlangoni amevaa suti yake ya mazishi na kofia.

"Unakwenda wapi, Mjomba?"

"Ninapokwenda binti yangu. Washa gari."

Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya pili. Mwanamke wa dirishani, Bi Renfro, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechoka tu. Alimpa Deolinda fomu ya rufaa.

"Majibu yanachukua wiki kumi na mbili."

"Baada ya wiki kumi na mbili nafasi za madarasa zitakuwa zimeisha."

"Basi utaanza na haya ya kurudia, mama."

"Sirudii. Namtaka aliyeandika kwamba hayalingani. Anionyeshe yasipolingana, nami nina karatasi hapa za kumwonyesha."

"Aliyeandika haonani na wanafunzi."

"Atakula chakula cha mchana, au hali? Nitamsubiri mlangoni."

Mjomba akavuta kiti, akakaa katikati ya njia, akafungua mfuko wake wa karatasi. Mkate na soseji ya kitunguu saumu. Harufu ikaenea ofisi nzima. Watu wakaanza kuchungulia kutoka vyumba vya nyuma.

"Mzee, hapa haturuhusu chakula," akasema Bi Renfro.

"Hata mimi siruhusu mtu kula miaka ya binti yangu," akajibu, akauma mkate.

Bi Renfro akainua simu. Nadhani alikuwa akizuia kicheko. Nusu saa baadaye tulikuwa mbele ya Daktari Oyler, mkuu wa idara ya kemia, mtu mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alipekua karatasi za Bwana Cutshaw moja moja.

"Silabasi ni nzuri," akasema. "Lakini karatasi ni karatasi. Sijui mwalimu wako alisahihisha kwa ulegevu kiasi gani. Vyuo vile, unajua..."

"Vyuo vile vipi?"

Daktari akarudi kwenye karatasi.

"Basi nipe mtihani wako," Deolinda akasema. "Ule uliowapa wanafunzi wako Desemba."

"Ungependa kuufanya lini?"

"Una penseli?"

Nilimwona yule bwana akipima kama anataniwa. Deolinda alikuwa macho tangu saa tisa usiku, alikuwa amekamua kwanza. Nikamvuta mkono kumwambia aombe wiki moja ajiandae. Akautoa mkono wangu. "Nikitoka mlango huu, hautanifungukia tena."

Alifungiwa chumba kidogo kwa saa mbili. Mimi na Mjomba tulikaa kwenye korido. Miaka sita mzee hakuwahi kuuliza habari za shule, si jina la somo wala la mwalimu. Sasa aliinama kwangu akanong'ona, "Hivi kemia ni nini hasa?"

"Ni yale yanayotokea ndani ya silo, Mjomba, majani ya kulishia ng'ombe yanapochacha."

Akafikiri. "Basi atafaulu," akasema, akaishusha kofia usoni kama anayelala. Lakini kila mlango ulipolia, aliiinua.

Daktari Oyler alisahihisha pale pale. Alipotoka alikuwa ameivua miwani.

"Themanini na moja," akasema. "Wastani wa wanafunzi wangu ulikuwa sitini na nane." Kwa hilo ninamheshimu, maana hakulazimika kutuambia. Aliandika barua ya kuzikubali kemia zote mbili siku hiyo hiyo, akaisaini kwa jina lake kamili. Wa takwimu walipoiona, nao wakakubali ndani ya wiki mbili.

Somo la kuzungumza mbele ya watu halikukubaliwa hata baada ya rufaa. Deolinda alicheka mpaka akakaa juu ya ndoo. Alilirudia muhula wa kwanza, kati ya vijana wa miaka kumi na minane, akapata B. Mwalimu aliandika kwamba hasikii anapoambiwa muda umekwisha.

Sasa yuko muhula wa tatu. Jumamosi na Jumapili anakamua. Siku nyingine Mjomba ameajiri watu wawili, na kutwa anawanung'unikia kwamba hawajui kumsikiliza ng'ombe.

Wiki iliyopita nilimkuta Deolinda getini na Mai See Vue, mama wa Kihmong, kabila la kutoka Asia, anayesomea uuguzi pale chuo cha jamii. Mama huyo alikuwa ameshika barua na macho yamevimba.

"Hii 'hayalingani' kaandika nani?" Deolinda alimuuliza. "Kuna jina?"

"Hakuna, dada. Labda nirudie tu."

"Urudie nini? Uliyasoma au hukuyasoma?"

"Niliyasoma."

"Basi futa macho. Karatasi zako za mitihani ziko wapi?"

Akanigeukia, akaniuliza kama Ijumaa nina nafasi.