Simama, Mama Pretty

Gasana alipostaafu, Mukunde alidhani sasa amepata mume wa kunywa naye chai. Kumbe mume alipata ubao. Kila Jumamosi alivaa kaptula, akaondoka nyumbani kwao Remera kwenda Ziwa Muhazi, kusimama juu ya ubao na kupiga kasia. Kusimama! Mzee wa kanisa, aliyekalia kiti cha ofisi maisha yake yote. Mukunde aliwaza mpaka kichwa kikamuuma. Huko ana nini? Nyumbani anajibu "ndiyo" na "hapana" tu, lakini akitoka ziwani anacheka peke yake jikoni. Hofu ya Mukunde ilikuwa moja, na haikuwa ya maji: mume alikuwa anamponyoka, naye amebaki ukingoni anamtazama akienda.

Basi Jumamosi moja akaingia garini.

"Leo twende wote, Baba Pretty."

Gasana alimtazama, akawasha gari.

Ziwani Mukunde hakuelewa kitu. Alivalishwa jaketi la kuelea lililombana kifua, akafungwa kamba mguuni kama mbuzi wa sikukuu. Kasia alilishika kinyume. Aimable, mwalimu wao, akamgeuzia.

"Mama, piga magoti kwanza. Angaria mbere, usiangarie maji. Maji iko sawa tu."

Akapiga magoti, akapiga kasia, na ubao ukaenda. Ajabu!

"Sasa simama!" Aimable akapaza sauti.

Mukunde akaacha kupiga kasia, akatulia tuli. Amekosea wapi?

"Simama, Mama!"

"Si nimesimama?"

"Hapana! Simama!"

Kwenye pikipiki ukisema hivyo dereva anafunga breki. Zaidi ya hapo wanataka nini? Gasana, aliyekuwa wima juu ya ubao wake, alicheka mpaka akayumba.

"Haguruka, Mama Pretty! Inuka, kwa miguu!"

Aibu ilimshika, na hasira juu yake. Mwaka mzima hajacheka naye, leo anamcheka! Akainuka kwa hasira hiyohiyo, akashangaa hajaanguka. Akapiga kasia. Upepo ulikuwa mgongoni. Akampita mumewe, akazidi kwenda. Kugeuka hakufundishwa.

"Simama!" akasikia nyuma yake.

"Nimeshasimama!" akajibu, kasia haliachi.

"Mama Pretty, simama! Simama!"

Jamani, asimame mara ngapi? Apande wapi tena? Mbele yake ziwa lilizidi kupanuka, na kelele za nyuma zilizidi kufifia. Kisha sauti ya Gasana ikabadilika. Ikawa ile ya ujanani, kule Karagwe, alipokuwa akimfuata njiani Mukunde akitoka kisimani.

"Mukunde! Nisubiri!"

Hilo alilielewa. Akageuka kumtazama, akatumbukia majini chubwi.

Alipoibuka, Gasana alikuwa amepiga magoti ubaoni, amemnyooshea mkono, anauliza mfululizo: ameumia? Amemeza maji? Anasikia baridi? Mukunde alikuwa mzima kabisa. Akaushika mkono, akamwacha aulize.